Kamba Waliokataliwa

Kambini, 4 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Najua hujanisalimu bado, lakini kwa ninavyokujua ungeanza na shikamoo tatu mfululizo, kwa hiyo nimezipokea zote. Mimi mzima. Mgongo tu ndio unaonikumbusha kwamba nina miaka hamsini na saba. Goti la baba yako linaendeleaje? Akikwambia limepona, mtazame anavyopanda ngazi, kisha uniandikie ukweli. Kaka yangu huyo tangu utotoni hajawahi kukiri kuumwa.

Boksi lenu lilifika Jumanne iliyopita kwa boti ya mahitaji, juu ya magunia ya vitunguu. Nilipoona jina la karakana yako nilipiga kelele mpaka mpishi akatoka nje na mwiko mkononi. Nikamwambia meneja, "Hawa kamba wa bandia wa kuvulia wamefungwa na mtoto wa kaka yangu, kwa vidole vyake mwenyewe." Akasema basi mwaka huu tutavua kwa kamba wa familia.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, kwa kuwa baba yako alikujibu "anasukuma boti." Mwambie na yeye ushonaji wake ni kukanyaga pedali. Hapa kwetu maji yakipwa hubaki ya kufika gotini, mchanga na majani ya bahari mpaka macho yanapoishia. Mgeni, aliyekuja kuvua kwa kujifurahisha, anasimama mbele ya boti na fimbo yake ya kuvulia. Mimi nasimama nyuma juu ya jukwaa dogo, nasukuma kwa pondo, ule mti mrefu, taratibu bila kugonga kitu, natafuta samaki. Haturushi ndoana ovyo. Mpaka nimwone samaki na nimwonyeshe mgeni, ndipo anarusha chambo mbele ya pua yake. Zamani tulionyeshana kwa mishale ya saa, tukaacha, maana saa nne yetu na saa nne ya wageni hazitazami upande mmoja. Tunayemtafuta zaidi tumempa jina la Kivuli. Ana rangi ya maji yenyewe, na mara nyingi unaona kivuli chake mchangani kabla hujamwona mwenyewe. Tukimpata tunamtoa ndoana, tunamrudisha majini. Ndiyo, tunamrudisha. Usicheke. Baba yako alishacheka kwa niaba yenu wote.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mwanangu, kamba wako wanapendeza kuwatazama, lakini samaki wanawakataa. Wageni wanne, siku sita, samaki wawili tu. Nadhani rangi yao imefifia mno, inapotea mchangani. Nakurudishia kumi na wawili. Tufungie wenye rangi inayoonekana. Usikasirike. Nakwambia kwa sababu wewe ni wangu, ungekuwa wa mtu mwingine ningenyamaza.

Shangazi yako,
Korongo (ndivyo wanavyoniita hapa, kwa ajili ya miguu)


27 Machi

Shikamoo Shangazi,

Na ya pili, na ya tatu, usije ukasema nimekupunja. Hapa wote wazima. Baba anapanda ngazi ubavu-ubavu kama kaa, na akiona namtazama anajifanya anakagua ukuta. Cherehani anaikanyaga kwa mguu mmoja. Mama ameshachoka kusema.

Barua yako niliisoma mara mbili. Sitakuficha, mara ya kwanza niliumia. Karakana yetu ni chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja na meza kumi na moja, kila meza na jiliwa dogo la kubana ndoana. Meza yangu ni ya kamba. Nabana ndoana, nafunga macho mawili ya shaba ili chambo kizame kikiwa kimegeuza ncha juu, kisinase majani. Halafu mwili wa uzi, halafu manyoya mawili ya miguu, halafu tone la gundi. Kwa siku nafunga hamsini. Msimamizi hupita na kioo cha kukuzia, na kwenye meza yangu huwa hasimami. Kamba kama hao uliowarudisha tunawatuma kwenye kambi nyingine tatu, na huko hajarudi hata mmoja.

Lakini wewe ndiye unayewaona samaki. Mimi, Shangazi, sijawahi kumwona hata kamba aliye hai. Miaka minne nafunga kwa kutazama picha iliyobandikwa ukutani, na picha yenyewe imeliwa na jua. Kwa hiyo nimekusikiliza. Ndani ya boksi hili kuna ishirini wenye mgongo wa rangi ya chungwa na uzi unaometa. Msimamizi aliniuliza hawa ni wa nani, nikamwambia ni ombi la mteja. Akapita na kioo chake.

Kazini kila kitu shwari.

Mtoto wako,
Chiriku


Kambini, 6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kulikuwa na mambo. Mgeni mmoja, daktari wa meno, alikanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Alichomwa kifundoni, akapelekwa hospitali, atapona. Ni ajali za kawaida kwenye kazi hii. Taa hujifukia mchangani, hakuna anayeweza kumwona. Nakuandikia tu usije ukasikia kwa mwingine ukadhani ni jambo kubwa. Baba yako usimwambie.

Hao wa chungwa ni afadhali kidogo, lakini bado wanakataliwa. Funga weupe. Weupe kabisa, na wakubwa zaidi, wenye kitu cha kumeta. Jua la mwezi huu ni kali vibaya, maji yote yanang'aa kama bati jipya na miwani haisaidii. Wageni wanaanza kuulizana chambo hiki kimetoka wapi. Meneja naye ameuliza. Nimewarudisha kumi na watano.

Salamu kwa mama yako.

Korongo


28 Mei

Shikamoo Shangazi,

Mama amezipokea salamu. Mdogo wangu amepata kazi ya udereva wa basi la shule na sasa anatuendesha hata mezani: "sogea, funga mkanda." Baba ameacha kupanda ngazi kabisa. Amehamishia cherehani chini na anasema ni kwa ajili ya mwanga.

Barua yako ilinipa kazi kuisoma. Herufi zako zimenenepa, na mistari ya mwisho imetoka nje ya karatasi. Neno "watano" nimepata nusu, nusu nyingine nadhani imebaki juu ya meza yako.

Nimekufungia weupe kumi. Sikuwafungia karakana, niliwafungia nyumbani, dirishani, baada ya kazi, kwa jiliwa ambalo Baba alinitengenezea kwa vyuma chakavu. Usiniulize kwa nini.

Wewe ndiye wa kunijibu swali. Samaki anapokataa, anakataaje? Anakuja karibu, anatazama, anageuka? Anakifuata chambo hatua chache kisha anakiacha? Au anashtuka kinapoanguka, anakimbia? Kila namna ina dawa yake. Akigeuka, tatizo ni rangi au miguu. Akikiacha, ni jinsi kinavyotembea. Akikimbia, ni uzito. Nikijua hilo tu, nitajua nibadilishe nini, wala sitabahatisha tena. Nakuomba sana unijibu hilo hata kama hutajibu mengine.

Pole kwa mgeni wako. Nilipokuwa mdogo ulinichorea taa kwenye vumbi la uani, ukaniambia hata akijifukia huacha vitundu viwili vya macho na mstari wa mkia. Nimelikumbuka hilo.

Chiriku


Kambini, 2 Julai

Kwa binti wa kaka yangu,

Marahaba. Anayeandika ni mwenzangu wa kazi, tunamwita Mkimya. Mkono wangu umeteguka kidogo, kwa hiyo mimi nasema, yeye anaandika.

Wote hapa wazima. Mpishi ameoza jino. Injini ya boti ya pili inakohoa.

Umeniuliza samaki anakataaje. Anakataa. Akishakataa amekataa, hatusimami kuhojiana naye. Miaka ishirini na moja nimesimama kwenye jukwaa lile. Nilikuwa namwona Kivuli kabla wewe hujaota jino. Sihitaji mtihani kutoka kwa mtu ambaye hajalowesha hata unyayo. Hao weupe nao ni walewale. Kama karakana yenu imeshindwa, iseme imeshindwa, tutaagiza kwingine.

Nakoma hapo. Msalimie baba yako.

Dada, sasa amegeuka anaongea na mpishi, naandika haraka. Mkono wake hauna kitu. Ni macho. Yule taa hakuwa amejifukia. Mimi nilikuwa boti ya pili, mbali kuliko yeye, nikamwona yuko wazi juu ya mchanga, mkubwa kama sinia. Nilipopiga kelele mgeni alikuwa ameshashuka. Samaki hawawakatai kamba wako. Mgeni anarusha kusiko na samaki. Sijamwambia mtu. Nimezoea kunyamaza, ila hili limenishinda. Ananiuliza mbona naandika mrefu hivyo. Nimemwambia mwandiko wangu ni mpana. Mkimya.


17 Julai

Shikamoo Shangazi.

Nimeandika kwa kalamu nene, karatasi sita, uisome mwenyewe bila mtu.

Kalamu hii ni ya kuandikia maboksi. Niko meza ya kufungasha mizigo tangu katikati ya Mei. Kamba waliorudi mara mbili waliandikwa kama kosa kwenye jina langu. Sikukwambia. Mimi nilikuficha, na wewe umenificha. Tumetoka sare.

Nimesikia habari za mkono. Sasa niambie habari za macho.

Usimlaumu mtu. Mwandiko wako ulianza kusema mwezi wa tano.

Hapa kuna hospitali ya macho, dakika ishirini kwa miguu kutoka nyumbani. Nimekwenda kuuliza. Muuguzi akasema: anaona ukungu? Mwanga unamuumiza? Rangi zimefifia? Nikamwambia, ameniomba rangi inayoonekana, kisha nyeupe kabisa. Akasema, mlete.

Chumbani kwangu nina kitanda kimoja na godoro moja la chini. Wewe kitanda.

Baba sijamwambia. Mwezi ukipita bila jibu lako nitamwambia, na unamjua. Atakuja huko na goti lake.

Chiriku


Kambini, 11 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma mwenyewe. Nilizitandaza karatasi zote sita kwenye meza ya chakula kama mtu anayepanga vigae. Mpishi akapita akijifanya hasomi. Sasa kambi nzima inajua una kitanda kimoja na godoro moja.

Ilianza mwaka jana. Nilidhani ni miwani, nikaiosha, nikanunua nyingine. Nikadhani ni chumvi, nikadhani ni jua, nikadhani maji yenyewe yamechafuka. Nilikuwa naona weusi fulani, nasema, "Samaki, kushoto, rusha." Mgeni anarusha, hakuna kitu. Nami nasema, "Amekataa." Neno hilo ni tamu sana, mwanangu. Hakuna anayeweza kulipinga, maana samaki haji kutoa ushahidi. Kila nilipolisema, jina langu lilibaki safi na lawama ikaenda kwa kamba wako. Nilitaka kuandika hapa kwamba sikujua itakufikia mezani. Si kweli. Nilijua itafika mahali, sikutaka tu kujua ni wapi.

Yule daktari wa meno aliniuliza, "Hapa pako salama?" Nikatazama. Niliona mchanga, mweupe, mtupu. Nikamwambia, "Shuka." Nilisikia yowe, nikaona damu ndani ya maji, ndipo nikamwona taa akiondoka. Baadaye, mguu wake ukiwa kwenye ndoo ya maji ya moto, meno yanagongana kwa maumivu, ni yeye aliyenituliza mimi. "Usijilaumu, mama. Alikuwa amejificha." Nami nikamjibu, "Ndivyo walivyo hao." Nimetembea na maneno hayo tangu Aprili. Nikipata kifungua kinywa yapo, nikishika pondo yapo.

Jana asubuhi nilikwenda ofisini kwa meneja, nikasema yote. Alichezea funguo zake kwa muda mrefu.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Kwa hiyo wageni wote wa msimu huu."

"Wote."

Hakunifukuza, hakunibembeleza. Aliniambia nishuke jukwaani siku hiyohiyo, na kwamba tutazungumza nikirudi, kama nitarudi. Niliomba anwani ya daktari wa meno, akanipa. Mkimya sikumlaumu. Nilimwambia tu kwamba mwandiko wake si mpana kiasi kile.

Nakuja na boti ya mahitaji ya tarehe kumi na tisa, kisha lori. Usinipokee na uso wa msiba. Baba yako mwambie wewe, mimi simwezi.

Shangazi yako


8 Oktoba

Shikamoo Shangazi,

Umeondoka juzi tu na chumba kimekuwa kikubwa ghafla. Umeacha sweta nyuma ya mlango. Baba amesema isiguswe. Halafu pokea habari: kesho anakwenda kupigwa picha ya goti. Anadai ni kwa sababu Mama amemsumbua, wala si kwa sababu alikuona wewe umekaa kitandani na bandeji bila kulalamika. Tumemwacha aamini hivyo.

Wiki zile hatukuandikiana, ulikuwa mita mbili kutoka kwangu. Lakini kuna mambo mdomo wangu, pamoja na sifa zake zote, uliyashindwa.

La kwanza. Siku ya kufungua bandeji, daktari alikuuliza, "Unaona nini?" Ukasema, "Naona huyu binti amekonda, hamumlishi?" Wodi nzima ikacheka. Nami nilicheka, kisha nikatoka wodini nikalia, nikarudi nikasema nilikwenda kunywa maji. Ulijua. Ulinifuta shavu kwa kidole gumba.

La pili. Alipokwambia jicho la kushoto limeshaliwa na presha ya ndani ya jicho, kwamba mtoto wa jicho angetolewa lakini kuona hakungerudi, ulisema "Haya," ukaomba chai. Nilitaka kukuuliza ulijisikiaje. Sikuthubutu. Nakuuliza sasa, kwa karatasi.

La tatu. Uliniambia unakwenda kununua sabuni. Msimamizi amenieleza ulikokwenda. Anasema uliingia karakana, ukasimama katikati ya meza kumi na moja, ukasema, "Mimi ndiye niliyerudisha kamba. Hawakuwa na kosa. Mimi ndiye nilikuwa sioni." Kwa sauti, watu wameacha kazi. Kisha ukaomba beseni la maji, ukamfunga kamba wa bandia kwenye uzi na kuwaonyesha anavyotembea, anavyoruka kinyumenyume akishtuka, anavyojikunja. Wenzangu bado wanaigiza. Jana msimamizi alileta lile beseni mezani kwangu, akaniambia, "Shangazi yako alifanya hivi," akavuta uzi. Kwa mara ya kwanza nilimwona kamba, Shangazi. Akipumua, akiogopa. Ile picha ya ukutani nimeibandua.

Ndiyo, nimesema mezani kwangu. Nimerudi tangu Jumatatu.

Je, meneja amesema nini? Usinijibu kwa mkato.

Chiriku


Kambini, 5 Novemba

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, nyingi kadiri unavyotaka. Mkimya anakusalimu. Yaani alitikisa kichwa nilipotaja jina lako, na kwake hiyo ni hotuba. Niambie picha ya goti imesema nini, kisha niambie mwenye goti amesema nini, maana najua hayatafanana.

Uliniuliza nilijisikiaje juu ya jicho la kushoto. Niliogopa. Chai niliomba ili mikono ipate kitu cha kushika. Usiku sikulala, na wewe ulijifanya umelala. Haya, tumeshasema.

Meneja alinisikiliza tena, safari hii bila funguo. Alisema hawezi kunirudisha jukwaani kwa maneno matupu. Nikamwambia hata mimi singejirudisha. Kwa wiki mbili nilitoka na Mkimya bila mgeni, yeye pondo, mimi macho, kila mmoja akitaja anachokiona. Siku ya kwanza aliona samaki kumi na mmoja, mimi saba. Wote wanne niliowakosa walikuwa kushoto. Nikajifunza kugeuza shingo nzima kama bundi. Mpishi anasema sasa nimepata jina la ndege mwingine. Siku ya mwisho nilikosa mmoja.

Mmoja ni mwingi, mwanangu, kama mwenyewe ana mwiba. Kwa hiyo jukwaa nimemwachia Mkimya, kwa mdomo wangu, mbele ya meneja. Mimi sasa natembea majini na mgeni mmoja mmoja, kwa miguu, na hakuna anayeweka unyayo mahali ambapo sijapagusa kwa fimbo kwanza. Kuona mwingine amesimama pale juu kuliniuma siku kadhaa. Bado kunaniuma maji yakipwa vizuri. Ila nimelala vizuri.

Daktari wa meno amejibu. Mistari minne. Anasema mguu umepona ingawa hauvai kiatu kigumu. Anasema aliposoma barua yangu alikasirika, akaiweka siku tatu ndipo akashika kalamu. Anashukuru kuambiwa. Hajasema amenisamehe, na sikumwomba aharakishe. Barua nimeiweka kwenye sanduku la nguo, mahali ninapopaona kila asubuhi.

Juzi nilipewa mgeni wangu wa kwanza, mzee mmoja dereva wa treni mstaafu, mwenye tumbo na kofia kubwa. Kabla hatujalowa magoti nikapiga moyo konde, nikamwambia, "Baba, kabla hatujaanza. Jicho langu la kushoto halioni. La kulia limepasuliwa mwezi wa nane na linaona vizuri. Kama unataka mwongozaji mwingine, yupo, na sitanuna."

Akanitazama kwanza jicho hili, kisha lile, kama fundi anayekagua taa za gari.

"Miaka thelathini nimetazama mbele tu," akasema. "Nigeukie wapi?"

"Kushoto."

"Basi kushoto ni kwangu."

Tukaenda. Nilimfungia kamba wako wa boksi jipya. Hatua kama mia hivi, nikamwona Kivuli kulia, peke yake, akichimba mchanga, mkia umetoka nje ya maji unang'aa. Nikasema rusha. Chambo kikaanguka mbele yake pole kabisa. Samaki akageuka, akasogea, akainamisha pua, akakitazama. Nilimwona hata pezi linavyopepea. Akakitazama tena, akajivuta nyuma kidogo, akageuka akaenda zake. Mgeni akaguna, "Amekataa." Nami nilicheka mpaka nikashikilia fimbo. Amekataa kweli! Kwa macho yake mwenyewe, na mimi nikimwona! Kwa hiyo nisikilize, fundi: miguu ya kamba huyu ni mirefu mno kwa maji ya kina hiki, inasimama badala ya kulala. Ikate nusu. Safari hii nakwambia nilichokiona.

Tulikuwa bado tunacheka pale pale, mimi nikimweleza kisa changu chote, mzee akanishika bega ghafla.

"Mama! Kushoto!"

Nikageuza shingo nzima. Walikuwa watatu, wanakuja taratibu juu ya mchanga, na vivuli vyao chini yao.

"Umewaona?" akanong'ona.

"Nimewaona. Rusha."

Yaliyofuata muulize mpishi, maana ndiye aliyekaa kumsikiliza yule dereva akisimulia samaki wake mchana kutwa, mpaka sufuria ikaungua.

Shangazi yako,
Korongo